Kutua kwa mwavuli: mwendo tunaouogopa ndio unaomshusha mtu salama

Kijiweni kwetu Kirumba, Mwanza, jirani na mwalo wa Ziwa Victoria, simu moja huangaliwa na watu sita. Juzi ilikuwa video ya mtu wa mwavuli wa kurukia kutoka kwenye ndege, yaani parachuti, akiteleza juu ya bwawa, kidole cha mguu kikichora mstari majini, mwendo zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mzee mmoja mvuvi akatikisa kichwa: "Huyu anatafuta kifo. Angepunguza mwendo tangu kule juu." Wote tukaitikia. Baadaye nikalifuatilia jambo lenyewe, nikakuta tuliitikia kosa.

Wengi tunadhani kazi ya mwavuli ni kumchelewesha tu anayeanguka. Kwa ile ya duara ya wanajeshi ni sawa: hushuka mita 6 hadi 7 kwa sekunde, askari akifika chini anabiringika. Lakini ule wa mstatili, uliotokana na ubunifu wa Domina Jalbert wa Marekani miaka ya 1960, ni bawa. Una vyumba vya kitambaa vilivyo wazi kwa mbele. Hewa inaingia, vinatuna, bawa linapata umbo. Kwa kila mita moja unayoshuka, unasonga mbele mita mbili na nusu hadi tatu.

Sasa ile dhana ya mzee wetu, kwamba ukienda polepole utatua kwa ulaini. Nguvu ya bawa ya kunyanyua hufuata mraba wa mwendo. Kwa pembe ileile ya bawa na hewa inayolijia, mwendo ukipungua nusu, nguvu inabaki robo. Karibu na ardhi mtu huvuta breki, yaani zile kamba za kukunja ukingo wa nyuma wa bawa. Mwili wake unabembea mbele kidogo, bawa linainua pua, nguvu ya kunyanyua inauzidi uzito kwa muda mfupi, na njia ya kushuka inapinda mpaka inalala sambamba na ardhi. Hapo nguvu na uzito vimelingana, ila ukinzani wa hewa unaendelea kuutafuna mwendo. Ndiyo maana hasimamishi mikono: kadiri mwendo unavyopungua anazidi kuvuta ili kufidia, mpaka mikono iko mapajani, mwendo umekwisha, na miguu inagusa chini.

Kwa hiyo mwendo ni mtaji, na breki ndiyo namna ya kuutumia. Aliyekuja na breki nusu tangu juu ameshakula mtaji njiani. Akivuta zilizobaki, bawa linalala sawa kwa muda mfupi mno au halilali kabisa, na akizidisha linaishiwa nguvu na kumwangusha. Mtazame yangeyange anayetua ukingoni mwa mtumbwi. Haji akinyata. Anakuja na mwendo wake, anainua kifua, anaelea kidogo, ndipo anashusha miguu.

Msikimbilie upande wa pili, mkadhani mwendo wowote ni heri. Yule wa kwenye video aliupata kwa kupiga kona ya kupiga mbizi akiwa bado juu, baada ya mazoezi ya miaka. Kona ya namna hiyo ikipigwa chini, bawa halina nafasi ya kujiinua, na hivyo ndivyo watu wanavyokufa wakiwa chini ya mwavuli mzima uliofunguka vizuri. Kwa wengine, mwendo wa kawaida wa bawa, breki zikiwa zimeachiwa kabisa, unatosha.

Kuna anayesema upepo wa nyuma unalinyima bawa hewa. Hapana, bawa linaruka ndani ya hewa inayosafiri nalo, na nguvu yake ni ileile. Kinachobadilika ni ardhi. Chukua bawa la kilomita 36 kwa saa na upepo wa ziwani wa mchana wa kilomita 18. Ukiukabili, ardhi inapita chini yako kwa 18. Ukiupa mgongo, inapita kwa 54. Mwendo mara tatu, nishati ya kugonga mara tisa. Na kwetu ongeza miamba: upepo ukishaivuka, nyuma yake hewa inavurugika, na bawa la kitambaa halipendi hewa ya namna hiyo.

Jingine ambalo watu wa Pwani hawalikumbuki: ziwa letu liko takriban mita 1,130 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi zaidi, hivyo mwavuli uleule na mtu yuleyule huku watakwenda kwa kasi kuliko Dar es Salaam, kama asilimia 6 hivi, siku zote mbili zikiwa za joto. Aliyezoea kule ataona ardhi inamjia haraka.

Je, aliyevuta breki mapema mno, akiwa bado juu, aziachie haraka? Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, maana bawa litapiga mbizi. Azishikilie hapo alipofika, abane miguu pamoja, na avute zilizobaki karibu na chini.

Nilipomweleza mzee haya, aliniuliza swali moja tu: na ukiangukia ziwani? Nikamwambia maji yaliyotulia hudanganya macho kuhusu kimo, kwa hiyo mtu hajichomoi kwenye mikanda mpaka miguu iguse maji. Akacheka. "Hilo," akasema, "hata sisi tunalijua. Maji ya asubuhi hayana chini wala juu."