"Naelewa, ila siwezi kuzungumza"

Anlıyorum ama konuşamıyorum. Ukifundisha Kiingereza Uturuki, sentensi hii utaisikia mapema: naelewa, ila siwezi kuzungumza. Mimi niliisikia wiki ya kwanza tu, nikifundisha darasa la maandalizi ya chuo kikuu jijini Ankara, wanaloliita hazırlık.

Niliwapa dodoso la mwaka 1987 la Joy Reid, mtafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. Lina kauli 30 zinazopima mapendeleo sita: kujifunza kwa kuona, kusikia, kutenda, kushika kwa mikono, katika kundi, na peke yako. Binti mmoja alijipa alama za juu kabisa kwenye kutenda. Nikaangalia daftari lake: kushoto although, kulia -e rağmen, kurasa kwa kurasa za maneno yaliyopangwa safu mbili kwa kalamu za rangi.

Hakunidanganya. Hayo ndiyo mazoea aliyolelewa nayo. Huko, anayetaka kusomea lugha chuoni hufanya mtihani wa YDT, maswali 80 ya kuchagua jibu, hakuna kusikiliza wala kuzungumza. Maandalizi ya aina hiyo humfanya mtu awe hodari wa kulitambua jibu na mgeni wa kulitamka.

Kwa hiyo siungi mkono kuwagawa wanafunzi, huyu wa macho, yule wa masikio. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, wakaona hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo aupendao humfanya aelewe zaidi. Dodoso nalitumia bado, kwa sababu linamfanya mwanafunzi aeleze anachokitamani.

Yule binti nilimwomba amweleze mwenzake namna ya kupika chai kwa çaydanlık, birika mbili zinazopandana, maji chini, majani juu. Mwenzake alimpa mgongo, achore anachosikia. Binti akakwama kwenye the, neno ambalo Kituruki hakina, kama Kiswahili. Hapo nilimwelewa vizuri. Konuşamıyorum ni neno moja lililobeba mtendaji, uwezo na ukanushi, kama sisi tunavyosema hawajanipigia. Kiingereza kinamdai ayapange hayo yote moja moja, tena kwa sauti, mbele ya watu.

Mchoro ulipogeuzwa, majani yalikuwa chini. Binti akafunga daftari, akaanza upya, mikono yake yote miwili ikipandanisha birika hewani.