"America" haikimbii: naeleza kwa mara ya mwisho

Jumamosi jioni, mazoezini hapa Langoni, mpiga kinanda wetu alinisogezea simu usoni. "Mwalimu, jionee mwenyewe. Mapigo 80 kwa dakika hapa, 120 hapa. Wimbo unakwenda polepole, halafu unakimbia, halafu unarudi." Huyu ni wa nne mwaka huu kuniambia hivyo, na wawili kati yao ni walimu wa muziki. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, basi leo naliandika.

Wimbo wenyewe ni "America", wa tamthilia ya muziki West Side Story iliyofunguliwa Broadway Septemba 1957. Muziki ni wa Leonard Bernstein, maneno ya Stephen Sondheim. Kiitikio kiko katika ufunguo wa C meja. Koo la mwimbaji likitaka B flati, mshushie, hakuna kitakachoharibika. Ya ufunguo yameisha.

Shughuli iko kwenye mwendo. Kipimo kimoja, yaani fungu moja la mapigo, ni 6/8, kinachofuata ni 3/4, kisha 6/8 tena, vinapokezana hivyo hivyo. Kila kipimo kina noti fupi sita, na urefu wa noti hizo haubadiliki hata chembe. Kinachohama ni mkazo: katika 6/8 ni tatu-tatu, halafu katika 3/4 ni mbili-mbili-mbili.

Simu haisikii noti fupi. Inahesabu vidole vyako. Ukiigonga mara mbili katika kipimo cha 6/8 inakupa 80. Ukiigonga mara tatu katika 3/4 inakupa 120. Sasa zidisha 80 kwa tatu: 240. Zidisha 120 kwa mbili: 240. Noti fupi 240 kwa dakika, huku na kule. Nani aliyekimbia?

Maneno yenyewe yanakuonyesha. Kipimo cha kwanza kina silabi sita fupi, "I like to be in A", ya sita ikiwa ni ile "A" ya America. Kisha "me-ri-ca" inakalia mapigo matatu, kila moja na nafasi yake. Mwimbaji aliyeambiwa kwamba wimbo unakimbia huibana hiyo "me-ri-ca", anafika kwenye 6/8 kabla ya wenzake, na mpiga ngoma anabaki nyuma akitafuta pa kuingilia. Kosa la kwenye simu linageuka kosa la jukwaani.

Binti mmoja wa kwaya, ambaye kwao ngoma za harusi hazikatiki, hakungoja maelezo. Alilaza viganja juu ya meza, cha kulia kikagonga mbili, cha kushoto tatu, kwa pamoja, huku anaongea na mwenzake kuhusu nauli ya boti.

Ndipo likaja kosa la pili, na hili ndilo linaloniudhi hasa, kwa sababu linasemwa kwa nia ya kutusifu: "Kumbe America ni chakacha!" Si chakacha. Katika chakacha mbili na tatu zinasikika kwa wakati mmoja, ngoma hii inavuta huku, ile inavuta kule, na mchezaji anachagua kiuno kifuate ipi. Bernstein amezipanga foleni: kwanza mbili, kisha tatu, na ala zote zinageuka pamoja. Mwenyewe ameandika juu ya noti kwamba mwendo ni wa huapango, ngoma ya Mexico, ingawa wanaouimba kwenye hadithi ni watu wa Puerto Rico. Alichukua alichokitaka mahali alipokitaka. Chakacha haihitaji jina lake ili iheshimiwe.

Nami nina shaka zangu. Darasani naandika chakacha kwa 6/8 kwa kuwa ni lazima ubaoni pawe na kitu. Nikikaa karibu na wapigaji, sina hakika pigo la kwanza liko wapi. Akina mama wanaingia mahali ambapo chaki yangu haikuweka mkazo wowote, nao hawakosei. Hata "America", sikio langu husikia kipimo kimoja kirefu cha noti kumi na mbili. Karatasi inasema viwili.

Kwa mazoezi ya Jumatano: simu zikae mifukoni. Tari ipige noti fupi zote, sawasawa, bila mkazo. Kwaya ipige makofi tu kwanza, tatu-tatu, kisha mbili-mbili-mbili, mpaka makofi yaangukie juu ya tari bila kutafutana. Baada ya hapo ndipo tufungue vinywa.