Kauri husomwa palipovunjika

Watu wakiniletea chombo cha zamani, jambo la kwanza wanalonionyesha ni michoro: joka, maua ya yungiyungi, mzee anayevuka daraja. Mimi hukigeuza nikatafuta palipobanduka. Mchoro huigwa, na huu wa buluu juu ya weupe umeigwa kwa karne nyingi, kuanzia Uajemi hadi Uholanzi, mara nyingine kwa mkono hodari kweli. Udongo wa ndani wa kauri, ule ufinyanzi mweupe mgumu wa Kichina, ndio mgumu kuuiga. Kwa muda mrefu sana Ulaya iliupata mchoro, udongo ukaishinda.

Chukua kigae cha sahani ya Jingdezhen, mji wa wafinyanzi kusini mwa China. Ukingo uliovunjika ni mweupe mtupu, laini, una mng'ao hafifu. Ukiutafuta mpaka kati ya udongo na utando wa kioo unaoufunika utauona kwa shida, kwa sababu vyote viwili viliiva pamoja katika moto mmoja. Chombo kizima ukikigonga kwa ukucha kinalia, na kikiwa chembamba, ukikiinua mbele ya taa mwanga unapenya.

Siri yake ni vitu viwili. Kuna kaolini, udongo mweupe usioyeyuka kirahisi, na kuna jiwe la kauri, mwamba unaopondwa ukawa unga. Tanuri likifika karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi, unga wa jiwe unayeyuka kuwa kioo na kuziba vitundu vyote, huku kaolini ikilishikilia umbo lisianguke. Kaolini ikipungua, bakuli linalegea likiwa motoni. Jiwe likipungua, maji yanapenya. Wafinyanzi wa Jingdezhen waliujua uwiano huo kwa mikono kabla ya mtu yeyote kuweza kuueleza kwa kemia.

Wengi huiona buluu ile kama alama ya Uchina mtupu. Katika karne ya 14, kobalti iliyotoa buluu nzito kuliko zote ilitoka Uajemi, na makombe makubwa yaliyochorwa nayo, ya kulia watu wengi kwa pamoja, yalilenga hasa wanunuzi wa nchi za Kiislamu. Yapo magudulia mawili ya hekalu katika jumba la British Museum, London, yenye maandishi shingoni yanayotaja mwaka unaolingana na 1351. Kila fundi wa fani yetu huyajua, kwa kuwa ndiyo kipimo cha kukadiria umri wa mengine. Mwaka 1611 Shah Abbas wa Uajemi aliweka wakfu zaidi ya vyombo 1,000 vya Kichina kwenye ziara, yaani kaburi takatifu, la Ardabil. Kobalti ilikwenda China ikiwa unga, ikarudi ikiwa sahani.

Waliovipenda vyombo hivyo wakataka kuvitengeneza wenyewe. Mafundi wa Iznik, Uturuki, walisaga mawe ya kwatzi wakachanganya na kioo na udongo mweupe kidogo. Kazi yao naiheshimu mno, lakini ukingo wake uliovunjika una chembechembe kama sukari guru iliyomeguliwa. Huko Firenze, kati ya mwaka 1575 na 1587, karakana ya ukoo wa Medici ilitoa vyombo vilivyokaribia kauri, ila kazi ikakoma na vilivyobaki leo ni vichache sana. Waholanzi wa Delft walichukua njia nyepesi: udongo wa kawaida, wa rangi ya manjano au kahawia hafifu, wakaufunika kwa utando mweupe wenye bati. Kwa mbali unadanganyika. Tazama midomo ya bakuli: utando umebanduka vipande vidogo vidogo na udongo unachungulia.

Kuna padri Mjesuiti, François Xavier d'Entrecolles, aliyeishi Jingdezhen na kuandika barua mbili ndefu, mwaka 1712 na 1722, kuhusu kazi za mji ule. Anasimulia alivyoambiwa na mfanyabiashara mmoja kuhusu Wazungu walionunua jiwe la kauri peke yake wakalipeleka kwao, wakakosa kupata kitu. Yule mfanyabiashara alicheka: walitaka mwili wa nyama bila mifupa. Sijawahi kukuta maelezo bora zaidi ya kazi ya kaolini.

Barua ya kwanza iliandikwa Wajerumani wakiwa wameshaifumbua siri. Kisa cha Meissen, mji wa Saksonia nchini Ujerumani, husimuliwa kama kisa cha Johann Friedrich Böttger, kijana aliyedai anaweza kutengeneza dhahabu, akafungwa na August, mtawala wa Saksonia aliyekuwa na uchu wa kauri. (Huyu ndiye aliyewatoa wanajeshi 600 kwa mfalme wa Prussia mwaka 1717 akapewa vyombo 151 vya Kichina.) Mimi naona sifa kubwa zaidi inamstahili mwanasayansi Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, pamoja na wataalamu wa migodi wa Freiberg. Tschirnhaus alikuwa na lenzi kubwa za kukusanya miale ya jua, akayachoma mawe na udongo wa kila aina kuona kipi kinayeyuka na kipi kinahimili. Hapo mchoro uliwekwa kando, swali likawa la moto na udongo. Mwaka 1708 majaribio yalifanikiwa. Tschirnhaus alifariki Oktoba mwaka huohuo, na mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa katika ngome ya Albrechtsburg, Meissen.

Hawakuwa wameiga mchanganyiko wa Kichina sawasawa. Mahali pa jiwe la kauri, Böttger alitumia alabasta, jiwe laini lenye kalisi, ili kuyeyusha mchanganyiko, kwa hiyo vyombo vya Meissen vya mwanzo, vikipimwa maabara, vinaonyesha kalisi nyingi. Ufaransa ilichelewa zaidi. Ilitengeneza kauri laini isiyo na kaolini, nzuri ajabu lakini inayokwaruzika, hadi kaolini ilipogunduliwa Saint-Yrieix karibu na Limoges mwaka 1768.

Macho hayahaya ndiyo yanayotumika kwenye vigae vya pwani yetu. Gedi, Kilwa na Manda vimefukuliwa vigae vya Kichina pamoja na vya nchi za Kiislamu, na uso ukiwa umeliwa na chumvi, ukingo ndio unaosema: mweupe na mgumu mara nyingi ni Jingdezhen, mgumu wa kijivu wenye utando wa kijani huwa wa Longquan, mahali pengine pa wafinyanzi China, mlaini wa manjano au mwekundu mara nyingi umetoka upande wa Ghuba. Hata hivyo ukingo hutaja asili tu. Kigae kilifika lini na kilitumika nyumba ya nani, hilo hujulikana kwa tabaka la udongo kilimolala na vitu vilivyolala nacho. Kwa hiyo ukikiona ufukweni au kwenye magofu, kipige picha, kiache palepale, kisha uwape taarifa watu wa makumbusho au wa mambo ya kale. Kikishaingia mfukoni, nusu ya habari zake hatuwezi kuzirudisha tena.