Je, wajua kwa nini aliyepita hamsini bado anaweza kuanza mbio za baiskeli?

Kaa kijiwe chochote cha kahawa Mtwara mjini, useme una miaka 52 na unataka kuanza kushindana mbio za baiskeli. Watakucheka kwanza, halafu watakushauri ununue pikipiki. Huku kusini baiskeli ni chombo cha kazi: inabeba madumu ya maji, mkaa, gunia la korosho, na mtoto wa shule juu ya keria. Mtu mzima anayeipanda bila mzigo, tena kavaa kaptula ya kubana, anaonekana ana lake jambo.

Wanaocheka wana hoja moja tu, nayo ni umri. Kwa mchezo huu hoja hiyo ina nguvu ndogo kuliko wanavyodhani. Ukichelewa kuanza mbio za mita 100, umekwisha. Ukichelewa kwenye mpira, utaishia bonanza la maveterani na msuli wa paja uliochanika dakika ya 12. Baiskeli inampokea aliyechelewa kwa sababu inadai zaidi vile vitu ambavyo umri huvichukua mwisho.

Tuanze na pumzi. Wataalamu wa michezo hupima kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika moja, mtu akiwa amejikaza mpaka mwisho wa uwezo wake. Kwa asiyefanya mazoezi, kiwango hicho hushuka kwa takribani asilimia 10 kila miaka 10, kuanzia miaka ya thelathini. Kwa anayeendelea na mazoezi makali mwaka hadi mwaka, kasi ya kushuka inaweza kupungua karibu nusu. Sababu mojawapo ya kushuka huko ni moyo wenyewe: mapigo yake ya juu kabisa hupungua, na hakuna zoezi linaloyarudisha. Kuna hesabu inayotumika sana. Zidisha umri wako kwa 0.7, kisha toa jibu kwenye 208. Kijana wa miaka 25 anapata mapigo kama 190 kwa dakika, wa miaka 50 anapata 173. Ni wastani tu, watu wanatofautiana, lakini mwelekeo ni huo kwa wote.

Sasa, aliyekaa dukani au ofisini miaka 20 hakupungukiwa kwa umri peke yake. Amepungukiwa pia kwa kukaa. Kilichochukuliwa na umri hakirudi, ila kilichochukuliwa na kukaa kinarudi. Ukianza mazoezi, hata nywele zikiwa zimepiga mvi, damu mwilini huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo huongezeka kwenye misuli, na mitokondria, zile sehemu za chembe zinazotengeneza nishati, huongezeka pia. Ndiyo maana mtu wa miaka 50 aliyeanza mwaka huu anaweza mwakani kuwa na pumzi nzuri kuliko aliyokuwa nayo akiwa na 45.

Ushahidi wake umewahi kuonekana kwa mtu ambaye hakuna kijiwe kingemwamini. Robert Marchand, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1911, aliambiwa ujanani kwamba ni mfupi mno kwa baiskeli. Urefu wake ulikuwa mita 1.52. Akaachana nayo, akafanya kazi nyingine ikiwemo zimamoto, akairudia kwa bidii akiwa amepita miaka 60. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha kilomita 24.25 kwa saa moja kwenye uwanja wa mbio za baiskeli. Mwaka 2014, akiwa na 102, akafikisha kilomita 26.927. Hapo katikati mwanafiziolojia Véronique Billat alikuwa anampima. Kiwango chake cha oksijeni kilipanda kutoka mililita 31 kwa kila kilo ya mwili hadi 35, yaani asilimia 13, katika umri ambao wengi wetu hatutaufikia. Alikufa mwaka 2021 akiwa na miaka 109.

Alichofanya Marchand kinaigika. Asilimia 80 ya safari zake zilikuwa nyepesi, mwendo wa mtu anayeweza kupiga soga bila kukatika pumzi. Asilimia 20 zilikuwa nzito. Wanaoanza ukubwani hufanya kinyume: kila wakitoka wanakimbizana na bodaboda, wiki ya tatu wamechoka, ya nne baiskeli iko nyuma ya nyumba na kuku wanalala juu yake.

Misuli nayo ina mpangilio wake. Ndani yake kuna nyuzi za kasi, zinazotoa nguvu kubwa kwa muda mfupi, na nyuzi za taratibu, zisizochoka upesi. Umri huzila zaidi zile za kasi. Kwa hiyo mzee atashindwa kwenye mita 200 za mwisho, pale vijana wanaposimama juu ya pedeli na kuyumbisha usukani. Hilo likubali mapema. Lakini mlima mrefu, kama ule wa kupandia Newala kutokea Masasi, haumalizwi kwa nyuzi za kasi. Unamalizwa na anayeweza kushika mwendo mmoja bila kuongeza wala kupunguza, na hapo mtu wa miaka 50 hana deni kubwa na umri wake.

Halafu kuna suala la viungo. Anayekimbia hutua kwa uzito wake wote kila hatua, na msuli wa paja hulazimika kufunga breki huku unavutwa. Huko kuvutwa ndiko kunakochana nyuzi ndogo ndogo, ndiko kunakoleta yale maumivu ya kesho yake. Kwenye baiskeli hakuna kutua. Msuli unasukuma pedeli huku unajikunja, basi. Mmarekani Kristin Armstrong alikuwa anashindana michezo mitatu kwa pamoja, kuogelea, baiskeli na kukimbia, mpaka mwaka 2001 alipogundulika na ugonjwa wa viungo vya nyonga. Akabaki na baiskeli peke yake. Alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mbio za kupambana na saa, zile ambazo kila mtu huondoka peke yake na kupimwa muda, mwaka 2008, tena 2012, tena 2016, na ile ya tatu aliipata siku moja kabla ya kutimiza miaka 43.

Lakini baiskeli hulinda goti ikiwa tu siti iko mahali pake, na hapa kwetu siti nyingi ziko chini mno. Tumezoea hivyo kwa sababu mwenye mzigo wa madumu manne anataka miguu yote ifike ardhini akisimama. Kwa mbio, siti ya chini hulikandamiza goti upande wa mbele mpaka liume. Panda, mtu akushikie baiskeli wima. Shusha pedeli moja mpaka chini kabisa, weka kisigino juu yake. Mguu unatakiwa unyooke kabisa bila nyonga kuegemea upande. Kama goti bado limekunjika, pandisha siti. Kama unajinyoosha kuitafuta pedeli, ishushe. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, nao ndio unaotakiwa. Fundi yeyote mwenye spana atamaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Kuna kitu kingine kinachompa mkubwa nafasi, na mimi naona ndicho kitamu kuliko vyote: upepo. Ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu ya kuushinda huongezeka mara nane. Kwenye barabara tambarare, ukishavuka kilomita 20 kwa saa, kazi yako kubwa ni kusukuma hewa. Anayejibanza nyuma ya mwenzake, gurudumu kwa gurudumu, anaweza kuokoa robo hadi theluthi ya nguvu hiyo. Kwa hiyo mwenye mapafu makubwa anayekaa mbele kwa kujionyesha anaweza kushindwa na mwenye mapafu madogo aliyejificha. Kujificha kunahitaji subira na jicho la kusoma watu: nani kaanza kuhema, nani anatazama nyuma, nani anajifanya hajachoka. Mambo hayo mtu aliyeuza na kununua sokoni miaka 30 anayajua tayari.

Pwani yetu inafundisha somo hilo bila ada. Msimu wa kusi, katikati ya mwaka, upepo unatoka kusini na kusini mashariki. Barabara ya Mtwara kwenda Lindi, zaidi ya kilomita 100, inaelekea kaskazini magharibi. Ukitoka Mtwara asubuhi utajiona bingwa, baiskeli inakwenda yenyewe. Bingwa huyo hupotelea njiani wakati wa kurudi. Msimu wa kaskazi mambo hugeuka. Mkubwa mwenye akili huanza na upepo usoni, arudi unamsukuma.

Upande wa hasara upo, tusidanganyane. Mwili wa miaka 50 hupona polepole. Siku mbili nzito kwa wiki zinatosha, na katikati yake kuwe na siku za mwendo mwepesi au kulala. Mifupa nayo hainufaiki na baiskeli, kwa sababu haibebi uzito. Waendesha baiskeli wa muda mrefu wamekutwa na mifupa myepesi, hasa ya uti wa mgongo. Mwanamke aliyekoma hedhi aliangalie hili zaidi. Dawa yake ni kutembea, kupanda ngazi, kunyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki. Anayeshika jembe msimu wa kilimo ameshafanya sehemu ya kazi.

Kiu pia hudanganya. Hisia ya kiu hufifia kadiri umri unavyosogea, na unyevu wa pwani huzuia jasho kukauka, kwa hiyo mwili hautoi joto vizuri. Kunywa kabla hujaona kiu. Madafu ni mazuri lakini yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, wakati jasho hutoa chumvi zaidi, hivyo safari ndefu hudai na chumvi kidogo. Kwa chakula, safari inayozidi saa moja unusu inahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na kwa hapa sioni haja ya vipakiti vya kigeni. Ming'oko iliyochemshwa inafaa, muhogo unafaa, ndizi inafaa. Korosho iache ya jioni: mafuta yake yanachelewa tumboni, na katikati ya mlima utajuta.

Kabla ya yote hayo, nenda hospitali ya Ligula kama uko Mtwara, au ya Sokoine kama uko Lindi, upimwe presha, sukari na moyo. Ukibanwa kifua, ukisikia kizunguzungu au moyo kurukaruka ukiwa barabarani, simama, usijipe moyo. Anayemeza dawa za presha aina ya beta-bloka asiifuate ile hesabu ya 208, maana dawa hizo hushusha mapigo. Atumie kipimo cha kuongea: akiweza kupiga soga bila kukatika pumzi, mwendo ni mwepesi. Na kuna jambo ambalo wakubwa wengi hawalijui: dawa za presha zinazoongeza mkojo zimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, kwa sababu zinaweza kuficha nyingine. Aliyeandikiwa na daktari haachi dawa yake, ila akifikia mashindano yenye vipimo huomba kibali maalumu mapema.

Mashindano yenyewe hayamlazimishi mzee kupambana na watoto wake. Kwenye mbio za uwanjani, ubingwa wa dunia wa wakubwa wa shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, huanzia miaka 35, na washindani hupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano. Kwa hiyo mwaka unaotimiza 55 haukuharibii kitu, unakuhamisha tu kundi, na huko unakuwa kijana. Hapa nchini mchezo uko chini ya Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, na ngome yake ya siku nyingi ni Kanda ya Ziwa.

Anayeanza huku kusini anaweza kuanza na mbio za kupambana na saa, maana hazihitaji kundi wala ujuzi wa kubanana. Watu watano wanatosha, baiskeli yoyote yenye breki nzima, na saa ya simu. Mtwara hadi Mikindani ni kilomita 10 hivi. Chagueni Jumapili alfajiri, kabla malori ya makaa ya mawe hayajajaa barabarani kwenda bandarini, na kila mtu avae helmeti. Mmoja aondoke kila baada ya dakika moja. Mkubwa kuliko wote atangulie, ili vijana wawe na mtu wa kumfukuza.