Shilingi saba kwa dola: hesabu ambayo hatukuipiga sisi

Juzi tulikuwa kwenye kikao cha harusi, tunamsubiri mweka hazina ambaye kwa saa nzima alikuwa "hapa Ubungo, naingia". Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya dola, na baba mdogo akatoa ile hotuba yake. Enzi za Mwalimu dola moja ilikuwa shilingi saba. Saba! Leo zaidi ya elfu mbili. Shilingi ilikuwa na nguvu, tukaichezea. Wazee wakatikisa vichwa, vijana wakaguna. Mimi nikanyamaza, maana baba mdogo hakatwi kauli mbele ya wakwe. Lakini nimekaa kwenye dawati la fedha za kigeni miaka ishirini na mbili, na hotuba hiyo nimeisikia kwa madereva teksi, kwa wahasibu, na safari moja kwa mhadhiri wa uchumi. Uvumilivu umeniishia, jibu naliandika hapa.

Kwanza haikuwa saba. Ilikuwa 7.14, na hicho kipande cha mwisho ndicho kinachofichua siri yote. Pauni moja ya Uingereza ilikuwa shilingi 20. Pauni hiyohiyo, tangu 1949, ilikuwa dola 2.80. Chukua simu yako, gawanya 20 kwa 2.80, uone inatoka ngapi. Humo ndani hakuna katani, hakuna pamba, hakuna kahawa ya Moshi, na Mwalimu hayumo. Ni bei ya pauni iliyovalishwa kanzu.

Ndiyo maana shilingi ya Kenya nayo ilianza na 7.14, na ya Uganda vilevile. Anayesema namba hiyo ilikuwa kipimo cha uchumi wetu anieleze nchi tatu zenye mashamba tofauti, bandari tofauti na madeni tofauti ziliwezaje kulingana nguvu hadi kwenye senti.

Namba yenyewe tuliirithi kutoka Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919. Kabla yake huku kulikuwa na rupia, ya Kihindi upande mmoja na ya Kijerumani upande wetu. (Wajerumani wakiwa wamezingirwa mwaka 1916 waligonga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 palepale Tabora, ina tembo. Nimewahi kuishika moja kwa sekunde kama kumi, mwenyewe akaninyang'anya. Tuendelee.) Bodi ilijaribu florini, haikudumu, ikaleta shilingi mwaka 1921. Zanzibar iliingia 1936. Bodi haikuwa benki kuu hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kupokea pauni London na kutoa shilingi huku, na kurudisha pauni kwa anayerudisha shilingi. Haikuamua riba, na kwa miaka mingi haikuikopesha Serikali ikikwama. Kwa hiyo pauni iliposhushwa kutoka takriban dola 4.03 hadi 2.80 mwaka 1949, dola ilipanda kwetu kutoka karibu shilingi 5 hadi 7.14 kwa pigo moja. Hakuna mtu wa Dodoma wala Tanga aliyeulizwa. Yaani hiyo "saba" tunayoililia yenyewe ni matokeo ya kuporomoka.

Benki Kuu yetu ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, gavana wake wa kwanza Edwin Mtei. Ndipo zilipotoka senti tano za samaki, ishirini za mbuni, hamsini za sungura na shilingi ya mwenge. Kiwango kikaachwa kilivyokuwa. Uamuzi wa kwanza ulio wetu hasa kuhusu bei hiyo ulikuja Novemba 1967, Uingereza iliposhusha tena pauni, safari hii hadi dola 2.40. Sisi, Kenya na Uganda tukakataa kufuata. Pauni ikawa shilingi 17.14, dola ikabaki palepale. Huo ulikuwa uamuzi wa heshima, na nadhani ulikuwa sahihi. Baba mdogo angeusifia huo ningekaa kimya kwa raha zangu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonipandisha presha. Watu wanachanganya ukubwa wa namba na mwendo wake. Mwaka huohuo wa 1966 dola moja ilikuwa yeni 360. Mia tatu na sitini! Kwa mantiki ya kikao chetu, Japani ilikuwa imetuacha nyuma kwa unyonge mara hamsini, huku ikitengeneza magari yaliyokuja kubeba abiria wetu mpaka leo. Namba ni chaguo la mahali pa kuweka nukta, basi. Uganda mwaka 1987 ilifuta sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya. Kwa kufuta sifuri tu, shilingi "iliimarika" mara mia. Waganda walioamka wakajikuta wamekatwa na asilimia 30 juu yake kama kodi ya kubadilishiwa noti. Kawaulize kama walijisikia na nguvu.

Kinachosema kitu ni mwendo: shilingi inashuka kwa kasi gani ukilinganisha na bei za hapa nyumbani, na kwa nini. Halafu kuna swali ambalo kwa mtu wa dawatini ndilo la kwanza kabisa: kwa bei hiyo iliyobandikwa, je, dola unaipata?

Hapo miaka ya themanini inatuumbua. Vita ya Kagera ilikuwa imekula akiba, mafuta yamepanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika tangu 1977. Mwanzoni mwa 1983 bei rasmi ilikuwa bado chini ya shilingi 10 kwa dola. Bei nzuri sana, ya kitu ambacho hakipo. Ili upate dola kwa bei hiyo ulihitaji leseni ya kuagiza bidhaa na mgao wa Benki Kuu, na leseni na mgao vilikwenda kwa mashirika na kwa wanaojuana. Wengine walikwenda kwa magendo, na bei ya huko ilikuwa mara kadhaa ya ile rasmi. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa foleni. Nakumbuka mama akifulia majani ya mpapai, povu la kijani, mashati yanabaki na harufu ya majani mabichi. Dukani bei ya sabuni ilikuwa imeandikwa kwa chaki ubaoni, chini kabisa, na rafu nyeupe. Nikisikia "dola shilingi nane" naliona lile bao.

Na kuna aliyekuwa akilipia bei hiyo nzuri. Tuseme gunia la kahawa limeuzwa nje dola 100. Kwa shilingi 8 linarudi kama shilingi 800, bodi ya mazao inakata gharama zake, mkulima anapata kilichobaki. Mnunuzi wa magendo akimpa mara mbili, gunia linavuka mpaka usiku, na dola zake hazifiki Benki Kuu kamwe. Shilingi "yenye nguvu" ilikuwa kodi kwa mkulima na ruzuku kwa mwenye kibali. Mtei, wakati huo Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1983 tukasaka wahujumu uchumi, watu wakatupa mabunda ya vitenge vichakani, bei rasmi ikabaki ya uongo.

Mabenki nitayapitia haraka. Mengi yalikuwa ya wageni, yakataifishwa Februari 1967 baada ya Azimio la Arusha, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara (NBC), na kwa miaka mingi mfanyabiashara karibu hakuwa na dirisha jingine la kugonga. Sheria ya 1991 ikafungua mlango kwa mabenki binafsi, ya 1992 ikaruhusu maduka ya kubadilishia fedha, NBC ikagawanywa 1997. Hayo maduka ndiyo yaliyowaondoa walanguzi wa dola vichochoroni kwa wingi kuliko operesheni yoyote.

Shilingi ilishushwa 1983, 1984, kisha Aprili 1986 kwa kishindo, kutoka karibu 17 hadi karibu 40, na mwaka ukaisha dola ikiwa zaidi ya 50. Hapa sasa lazima niseme kinachonisumbua mwenyewe. Sisi wa fani tunapenda kusimulia kwamba shilingi ilishushwa, bidhaa zikarudi. Si kweli moja kwa moja. Sabuni na khanga zilianza kuonekana 1984, pale Serikali iliporuhusu mtu aagize mali kwa dola zake mwenyewe bila kuulizwa amezitoa wapi. Dola hizo zilikuwa zilezile za magendo. Halafu baada ya makubaliano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa wafadhili wakafungua mifereji. Kipi kilijaza rafu: kiwango kipya, ruhusa ile, au misaada? Nimelizungusha swali hili miaka na miaka na sina mizani ya kuvitenganisha. Hata takwimu za mfumuko wa bei za wakati ule sizitumii bila wasiwasi, kwa sababu ukipima bei rasmi ya sukari isiyokuwepo umepima chaki ya ubaoni.

Wala sisemi mshahara wa mwalimu wa shule haukuumia baada ya hapo. Uliumia vibaya sana. Kama hoja ya baba mdogo ingekuwa kwamba gharama ya marekebisho walibebeshwa wenye mishahara ya Serikali, ningesogeza kiti nikae upande wake.

Mweka hazina alifika saa mbili usiku. Alipofungua daftari, ahadi ya baba mdogo ilikuwa laki mbili. Nikamwuliza, kwa adabu zote, kama tuiandike kwa kiwango cha 1966, maana hapo ingekuwa kama dola 28,000 na ukumbi tungeulipia tukabakiwa na chenji. Akasema amesahau miwani. Laki mbili bado hatujaziona.