Samaki wa bluu uliyenitumia si spishi mpya

Imekuja tena. Picha ya samaki juu ya kiganja, nyuma yake mchanga wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na chini maneno haya: "Shikamoo daktari. Nimegundua spishi mpya, tazama hiyo rangi. Naomba apewe jina la babu yangu." Marahaba, mjukuu wa babu. Samaki wako ni mzuri kweli, bluu ya kung'aa yenye michirizi myeusi. Ila pembeni ya picha, ndani ya ndoo, naona mkia wa samaki wa kahawia ambaye hukuhangaika kumpiga picha kwa sababu hana mvuto. Nashuku sana kwamba huyo ni mke wake.

Nimechoka kujibu hili mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa na kuanzia leo nitakuwa natuma kiungo tu.

Samaki wako ni sikilidi, ukoo wa perege, na sikilidi dume wa Ziwa Nyasa huvaa rangi pale anapomiliki eneo. Akinyang'anywa na dume mwenzake, akiogopeshwa, akitiwa ndooni, hupauka ndani ya dakika chache. Samaki uliyemwona bluu asubuhi juu ya jiwe lake anaweza kuwa wa kijivu mchana akiwa mezani kwa muuzaji Kyela, na ni yuleyule. Majike wengi ni wa kahawia au kijivu maisha yao yote. Madume wachanga nao hufanana na mama zao, maana anayejionyesha mapema anapigwa. Kwa hiyo ukiwapanga samaki wa wavu mmoja kwa rangi, utajipatia "spishi" tatu: baba, mama na mtoto.

Halafu kuna Labeotropheus fuelleborni, yule mbuna (sikilidi wa miambani) mwenye pua iliyouangukia mdomo, anayekwangua mwani kwenye miamba. Majike wake wengi ni wa kawaida tu. Wengine huzaliwa na ngozi ya rangi ya chungwa yenye madoa meusi yaliyotawanyika ovyo. Wanaishi pamoja na kuzaa na madume walewale. Ukimpa mgeni hao wawili, atakuapia kwamba ni samaki wasiojuana.

Sasa ongeza jiografia. Kutoka Matema kwenda kusini, Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja majini. Unapata miamba, kisha mchanga, kisha miamba tena. Mbuna ni watu wa miamba, hawapendi kuvuka mchanga, kwa hiyo kila kundi la mawe linaweza kuwa na madume wa rangi yao kidogo. Je, hizo ni spishi? Hapa ndipo sisi wenyewe tunapogombana, na ni haki uambiwe. Wapo wataalamu wanaotoa jina kwa kila rangi ya dume, kwa hoja kwamba jike humchagua dume kwa rangi, na asiyechaguliwa hazai, basi mstari umechorwa. Hoja nzuri, wala siidharau. Lakini jike wa mwamba huu na dume wa mwamba ule hawajawahi kukutana. Nani amemuuliza jike? Kwa samaki wanaoishi mahali pamoja, rangi ni ushahidi mzito. Kwa samaki waliotengwa na kilomita kadhaa za mchanga, tunakisia, kisha tunachapisha ukisio wetu kwa herufi za mlazo ili uonekane wa kisomi.

Kwa hiyo ndiyo, nakukatalia rangi wewe huku wenzangu wakiitumia. Tofauti ni kwamba wao hawaji na rangi peke yake. Wanakuja na hesabu ya miiba na miale ya pezi la mgongoni, magamba ya mstari wa ubavuni, umbo la meno, umbo la taya la kooni, upana wa kichwa ukilinganishwa na urefu wa mwili, na samaki wengi, sio mmoja. Vipimo vyenyewe sitavieleza leo, vinachosha hata kwa anayelipwa kuvifanya.

Jambo linalosahaulika ni hili: mvuvi wa Matema anamjua samaki huyo tangu enzi za babu yake. Ukimwambia umemgundua atakucheka, na atakuwa sahihi. Kinachokuwa kipya ni dai, kwamba samaki huyu hayumo miongoni mwa wote waliokwisha kupewa majina. Na huwezi kudai hivyo bila kuwatazama wote waliokwisha kupewa majina, au angalau wale wa jenasi hiyo, yaani kundi la spishi zinazokaribiana. Hao hawako Kyela. Wamo ndani ya chupa za spiriti, wengi wao Berlin na London.

Walifikaje huko? Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa jeshi la Wajerumani aitwaye Friedrich Fülleborn alikuwa Langenburg, kituo kilichokuwa ufukweni mwa ziwa kabla ya utawala kuhamia Tukuyu. Alikuwa anakusanya kila kitu: samaki, planktoni, maji yenyewe. Mwaka 1926 Ernst Ahl wa Berlin akampa yule mbuna wa pua jina la Fülleborn. Miaka miwili nyuma, 1924, Ahl huyohuyo alikuwa amempa jina perege wa ziwa dogo la kreta (shimo la volkano) pale Rungwe, Oreochromis chungruruensis, anayepatikana Kiungululu tu, duniani hakuna kwingine. Kwa upande wa London, Cuthbert Christy alikusanya samaki wa Nyasa mwaka 1925 na 1926, na Ethelwynn Trewavas akawachambua na kutoa muhtasari wake mwaka 1935. Kwa upande wa sikilidi, kazi ile bado tunaifungua hadi leo.

Sharti ni kwamba jina la kwanza lililochapishwa kihalali ndilo linaloshinda. Ukimtangaza samaki wako leo, na kesho mtu akafungua chupa ya Berlin akamkuta humo amelala tangu 1924 na lebo yake, jina lako linakuwa kisawe na la babu linabaki kwenye tanbihi. Ndiyo maana safari ya ziwani huchukua wiki na kazi ya mezani huchukua miaka. Katika Ziwa Nyasa bado kuna mamia ya sikilidi ambao kila mtaalamu anakubali wapo, wana majina ya utani ya kazini, na hawana jina rasmi. Samaki tunao. Wenye muda wa kuwalinganisha ndio hatuna.

Hapo ndipo jibu la pili linapokuja, na hili hunipandisha presha kuliko la rangi: "Si mpime DNA tu daktari, mbona rahisi siku hizi?"

Kwa kambale nakubali. Kwa samaki wengi wa mto nakubali. Unachukua kipande cha jeni ya mitokondria (viwanda vya nishati ndani ya seli) kiitwacho COI, unakisoma, unakilinganisha na hifadhidata, jina linatoka. Mbinu hiyo ilienea tangu 2003 na imesaidia sana. Ila iliyo mahiri mtoni inaumbuka ziwani. Sikilidi wa Nyasa wametengana juzijuzi kwa saa ya jiolojia, na mitokondria zao bado zimechanganyika: samaki wa spishi mbili tofauti kabisa kwa meno na chakula wanaweza kuwa na COI ileile, na ndugu wawili wa spishi moja wakatofautiana. Hata ukisoma jenomu nzima, yaani DNA yote, spishi mbili za ziwa hili hutofautiana kwa wastani wa asilimia 0.1 hadi 0.25 tu. Mashine haiwezi kukuambia mstari unapita wapi. Inakupa namba, mstari unachora wewe, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Kwa perege hali ni ya kinyume, jicho ndilo linalodanganywa. Sato wa Nile, Oreochromis niloticus, amesambazwa na miradi ya mabwawa kila kona ya nchi. Mwaka 2013 iliripotiwa kwamba ameshaingia kwenye vyanzo vya maji vya Ziwa Nyasa upande wetu. Anazaliana na perege wa asili, na watoto wanazaa. Upande wa Ruaha, ambako mwenyeji ni Oreochromis urolepis, unaweza kushika samaki mwenye sura ya mwenyeji na damu ya mgeni. Na hapo usipime COI peke yake, kwa kuwa mitokondria hurithiwa kwa mama: itakuambia bibi mzaa mama alikuwa nani, ya baba itanyamaza. Nimeletewa mahuluti wa namna hiyo kama "perege mpya wa ajabu" mara nyingi mno. Wa ajabu ndiyo. Mpya hapana. Ni matokeo ya lori la vifaranga.

Sasa niseme kitu ambacho huwa sikisemi darasani. Kuna mahali ambapo rangi ilisema kweli, na mpaka leo sijui nifanye nini nacho.

Ziwa Masoko lipo Rungwe, kreta ya upana wa mita 700 hivi na kina kisichofika mita 40. Limekuwepo takriban miaka 50,000. Ndani yake kuna Astatotilapia calliptera, samaki wa kawaida kabisa, yule anayeishi kwenye vidimbwi na mitaro ya bonde lote la Nyasa. Madume wa pembeni, majini kwenye mwanga, ni wa manjano. Madume wa chini, kuanzia mita 20 kwenda kwenye giza, ni wa bluu. Makala iliyotoka jarida la Science mwaka 2015, ikiongozwa na Milan Malinsky, ilionyesha kwamba makundi hayo mawili yameanza kutengana ndani ya miaka 500 hadi 1,000 tu iliyopita. Wanatofautiana chakula, umbo la kichwa, taya la kooni. Jenomu zao kwa sehemu kubwa zinafanana, isipokuwa visiwa vichache vya tofauti, na baadhi ya visiwa hivyo vinabeba jeni za kuona kwenye mwanga hafifu. Pia wapo samaki wa katikati, wasio huku wala kule.

Waandishi hawakusema spishi mbili. Walisema ekomofu mbili, yaani maumbo mawili ya spishi moja yanayoishi kwa namna tofauti. Ukinibana nitasema walikuwa waangalifu na mimi ningefanya vivyo hivyo. Ukinibana zaidi nitasema sijui. Ziwa hilo unalizunguka kwa miguu. Hakuna mlima wala mchanga unaowatenga samaki hao, kuna giza tu. Kama huo si mwanzo wa spishi basi sijui mwanzo wa spishi unafananaje, lakini mwanzo wa kitu si kitu chenyewe, na wale wa katikati hawanipi usingizi. Vitabu hutoa tafsiri ya spishi kwa sentensi moja. Ningependa mwandishi wa sentensi hiyo aje Masoko na wavu.

Kuhusu mwani, ambako sura nayo hudanganya, nitakuwa mfupi, ingawa hapo ndipo kuna kazi nyingi isiyofanywa. Kwanza, ule wa bluu-kijani unaogeuza maji ya magadi ya Rukwa kuwa supu ni bakteria, na majina yake yanadaiwa na kanuni mbili tofauti za kutoa majina, zisizopatana. Tuuache. Diatomu, mwani wa chembe moja wenye gamba, ndio rafiki zangu. Gamba lao la silika ni vipande viwili, kama sufuria na mfuniko wake. Chembe ikigawanyika, kila mtoto huchukua kipande kimoja na kukifanya mfuniko, kisha hutengeneza sufuria mpya ya kuingia ndani. Aliyerithi mfuniko yuko sawa na mzazi, aliyerithi sufuria ni mdogo kuliko mzazi. Vizazi vinakwenda, wengi wanazidi kuwa wadogo, na umbo nalo linabadilika, mpaka uzazi wa jinsia urudishe ukubwa. Spishi moja, sura nyingi. Otto Müller, aliyechambua diatomu za Fülleborn na mwaka 1904 kuipa jina ile inayoitwa sasa Aulacoseira nyassensis, alihangaika na hilo hasa: nyuzi nyembamba zenye chembe ndefu, nyuzi nene zenye chembe fupi, na swali la zipi ni ndugu. Nani anajua ni majina mangapi kwenye orodha zetu ni ya samaki yuleyule, samahani, ya diatomu ileile iliyopungua unene.

Kwa taarifa yako, spishi mpya ya mwani ilibidi ielezwe kwa Kilatini mpaka mwisho wa 2011. Tangu 2012 Kiingereza kinakubalika pia. Kiswahili bado. Kwa samaki kanuni haikatazi lugha yoyote, haikatazi hata kujipa jina mwenyewe, ila utachekwa kwa maisha yako yote yaliyobaki. Babu akiwa mwanamume jina linaishia kwa -i, bibi kwa -ae.

Ukiwa bado unaamini una kitu, usinitumie picha moja ya dume aliyependeza. Nataka dume, jike na wadogo, angalau kumi, kutoka mahali pamoja, na kina walichovuliwa. Piga picha upande wa kushoto wakiwa hai au wamekufa muda huohuo. Kata kipande cha pezi la upande wa kulia na ukitie kwenye etanoli safi kabla samaki hajaingia kwenye fomalini, kwa sababu fomalini huharibu DNA na hakuna atakayeirudisha. Kwa diatomu, sugua mawe kadhaa kwa mswaki ambao hutautumia tena. Lebo iwe ndani ya chupa, sio nje, na iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu hutoka kwenye spiriti.