Maumivu ya ghafla kifuani yanapotoka kwenye aota: maswali na majibu

Aota ni nini?
Ni ateri kubwa kuliko zote. Hutoka kwenye moyo, hushuka mbele ya uti wa mgongo na kugawanyika karibu na kitovu kwenda miguuni. Ukuta wake ukilegea hutanuka. Tabaka la ndani likichanika, damu hupenya katikati ya matabaka na kuyatenganisha. Mchaniko huo huletwa zaidi na presha isiyotibiwa. Aota ya tumboni hutanuka zaidi kwa wavutaji sigara.

Nitajuaje kama imetanuka?
Mara nyingi hutajua, kwa sababu haiumi. Ultrasaundi ya tumbo huonyesha kwa dakika chache. Upana wa kawaida ni sentimita 2 hivi. Ikifika 3, imetanuka. Upasuaji hufikiriwa kuanzia 5.5 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke. Mwanamume wa miaka 65 hadi 75 aliyewahi kuvuta sigara apimwe hata kama haumwi.

Mchaniko unatofautianaje na mshtuko wa moyo?
Maumivu huwa makali kupindukia tangu dakika ya kwanza, kifuani au kati ya mabega, na yanaweza kuhamia chini. Wengine huzimia, hupooza upande mmoja, au mguu mmoja hupoa. Pima presha mikono yote miwili: namba ya juu ikipishana kwa zaidi ya 20, shuku aota. Ikilingana bado usitulie, maana wengi hawana tofauti hiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mgonjwa akipewa kwa kudhaniwa ana mshtuko wa moyo, inaweza kumuua. Apelekwe penye CT skani, na asitembezwe.

Hospitalini hufanywa nini?
Mgonjwa hupewa mofini, dawa kali ya maumivu, kisha beta-bloka, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, hadi mapigo yashuke chini ya 60 kwa dakika na namba ya juu ya presha iwe 100 hadi 120. Mpangilio ni muhimu: dawa ya kutanua mishipa ikitangulia peke yake, moyo hukimbia na mchaniko huendelea. Mchaniko ukiwa karibu na moyo, ni upasuaji wa dharura. Ukiwa chini zaidi, dawa mara nyingi hutosha, isipokuwa figo, utumbo au miguu ikikosa damu.

Aota yangu ina sentimita 4. Nifanye nini?
Acha sigara, meza dawa za presha kila siku, rudia kipimo kila mwaka. Tembea, ila usinyanyue mizigo mizito ukiwa umebana pumzi. Duka la dawa wakikupa siprofloksasini, ambayo ni antibayotiki, waambie una tatizo la aota. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuwa kundi hilo la antibayotiki (fluorokwinoloni) linaweza kuhatarisha aota. Ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe.